Maswali ya Wasomaji: Asidi Mafuta na Protini za Tishu Unganishi

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi kolajeni, protini kuu ya tishu unganishi, inavyoundwa, na barua nyingi zilizotufikia baadaye zimeuliza jambo linalokaribiana na hilo: asidi mafuta ina uwezo gani wa kubadili kiasi cha protini zinazotengenezwa na seli za ngozi, kano, gegedu na mifupa? Tumechagua barua tano. Baadhi tumezifupisha, ila hoja za waandishi wake zimebaki kama zilivyokuwa.

Swali: Mhariri, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba mafuta ni akiba ya nishati na malighafi ya utando wa seli. Sasa nasoma kwamba asidi mafuta inaweza kuifanya faibroblasti (seli inayotengeneza kolajeni na protini nyingine za tishu unganishi) iongeze au ipunguze protini fulani. Inawezekanaje, ilhali maagizo ya kutengeneza protini yamo kwenye DNA?

Jibu: Maagizo yamo kwenye DNA, lakini DNA ya faibroblasti, ya seli ya gegedu na ya seli ya mfupa katika mwili mmoja ni ileile. Kinachozitofautisha seli hizo ni jeni zipi zimeamshwa, zipi zimelazwa, na kwa kiwango gani. Asidi mafuta huingilia hapo hapo, na huingilia kwa njia zaidi ya moja.

Njia iliyo wazi kuliko zote inapitia vipokezi vilivyomo ndani ya kiini cha seli vinavyoitwa PPAR. Cha kwanza kilitambuliwa mwaka 1990 na Isabelle Issemann na Stephen Green katika ini la panya, na leo tunavijua vya aina tatu: alfa, delta na gama. Kipokezi cha namna hii ni protini yenye sehemu mbili muhimu, moja ya kushika DNA na nyingine yenye nafasi ya kupokea molekuli ya mafuta. Kikiwa kimeungana na mwenzake aitwaye RXR, hukaa kwenye mfuatano maalumu wa DNA jirani na jeni husika. Asidi mafuta inapoingia katika nafasi yake, umbo la kipokezi hubadilika, protini zinazozuia jeni huondoka, zinazoamsha huja, na RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini, huanza kunakiliwa kwa wingi. Kwa hiyo asidi mafuta haihitaji kuigusa DNA yenyewe, kwa kuwa aliyeishika ni kipokezi.

Mtu makini angeuliza kama kinachofanya kazi ni asidi mafuta yenyewe au ni kitu kinachozaliwa inapochomwa. Swali hilo lilijaribiwa kwa ustadi mwaka 1992, watafiti walipozipa seli changa za mafuta asidi palmitiki iliyopachikwa atomu ya bromini, ambayo seli hushindwa kuichoma kwa nishati. Jeni ya protini ya aP2, inayobeba asidi mafuta ndani ya seli, iliamka hata hivyo. Kwa maoni yangu jaribio hilo linastahili nafasi katika mafunzo ya mwaka wa kwanza, maana linatenganisha vizuri mafuta kama kuni na mafuta kama taarifa.

Njia ya pili huanzia kwenye utando wa seli. Asidi arakidoniki, yenye kaboni 20 na bondi maradufu 4, hukaa ndani ya fosfolipidi za utando hadi seli inapojeruhiwa au kuamshwa. Hapo kimeng'enya cha fosfolipasi huikata kutoka kwenye utando, kimeng'enya cha siklooksijenasi huishika, na prostaglandini E2 huzaliwa. Prostaglandini hiyo hutoka nje ya seli, hushika vipokezi vya seli ileile au za jirani, huongeza kiasi cha AMP ya mduara, molekuli ya kupeleka ishara, ndani yake, na katika faibroblasti nyingi matokeo yake ni kupungua kwa utengenezaji wa kolajeni. Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yao juu ya prostaglandini na dutu zinazohusiana nazo. EPA, asidi ya omega-3 yenye kaboni 20 na bondi maradufu 5, hugombea vimeng'enya hivyohivyo, lakini prostaglandini zinazotokana nayo ni chache na kwa kawaida huwa na nguvu ndogo. Ndiyo maana utando uliojazwa EPA hutoa ishara tofauti na utando uliojazwa asidi arakidoniki, hata kama jeraha ni lilelile.

Zipo njia nyingine nitakazozitaja kwa haraka. Kuna vipokezi vya juu ya seli kama GPR120, ambavyo hutambua asidi mafuta ndefu zikiwa bado nje. Kuna protini ambazo hupachikwa asidi mafuta moja kwa moja na kwa sababu hiyo huhamia kwenye utando, jambo linalobadili kazi ya protini kuliko wingi wake. Tena asidi fupi kama butiriki, yenye kaboni 4 tu, huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, hivyo DNA hulegea na jeni nyingi husomeka kwa urahisi zaidi.

Swali: Naandika tasnifu ya uzamili. Niliyeyusha asidi palmitiki katika ethanoli, nikaiongeza kwenye kimiminika cha lishe cha faibroblasti za ngozi kisicho na seramu hadi kufikia maikromola 500 kwa lita. Nikaona chembe nyeupe. Baada ya saa 24 seli nyingi zilikuwa zimebanduka. Katika zilizobaki, RNA mjumbe ya COL1A1, jeni ya kolajeni ya aina ya kwanza, ilipanda kidogo, ila kolajeni niliyoipima kwenye seli ilishuka. Msimamizi wangu anasema matokeo yanapingana. Je, niyatupe?

Jibu: Ndugu msomaji, usiyatupe, ila usiyaandike bado kama matokeo ya asidi palmitiki. Chembe nyeupe ulizoziona ndizo ushahidi mkubwa kuliko namba zote ulizopima.

Asidi palmitiki ina kaboni 16 na haina bondi maradufu hata moja, yaani ni miongoni mwa asidi mafuta zilizoshiba. Huyeyuka kwa joto kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, wakati asidi oleiki, yenye kaboni 18 na bondi maradufu moja, huwa kimiminika kuanzia nyuzi 13 hivi. Kwa hiyo ulipoimimina kwenye kimiminika chenye nyuzi 37, kisicho na cha kuibeba, iliganda. Sehemu yake iliungana na kalsiamu ikawa kitu cha jamii ya sabuni, sehemu ikazilalia seli, na kiasi kilichobaki kikiwa kimeyeyuka hakijulikani. Kipimo cha 500 ulichoandika kwenye daftari ni kipimo cha ulichomimina. Seli zilipata kitu kingine kabisa.

Katika damu, asidi mafuta huru hubebwa na albumini. Albumini ya damu ni karibu milimola 0.6 kwa lita, na asidi mafuta huru za mtu mwenye afya aliyelala bila kula kwa kawaida hazizidi kiasi hicho sana, kwa hiyo uwiano wa asidi kwa albumini huwa karibu na 1 au chini yake. Hupanda mtu anapofunga kwa muda mrefu au anapofanya mazoezi makali. Maabara inapaswa kuufuata utaratibu huo. Chukua albumini iliyosafishwa isiyo na asidi mafuta, iyeyushe kwa kiwango cha asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita. Kwa kuwa molekuli yake ina uzito wa daltoni 66,500 hivi, utapata maikromola 150 kwa lita. Ukitaka uwiano wa 2 kwa 1, asidi yako isizidi maikromola 300. Yeyusha chumvi ya sodiamu ya asidi palmitiki katika maji ya nyuzi 70, kisha iingize polepole, huku ukikoroga, katika mmumunyo wa albumini ulio kwenye nyuzi 37. Usiipandishe albumini yenyewe hadi 70, itaharibika. Mmumunyo mzuri huwa angavu. Ukionekana na utusitusi, anza upya kabla hujaharibu sahani za seli.

Makundi linganishi nayo hayatoshi kuwa moja. Unahitaji seli zenye albumini tupu, seli zenye kiyeyushi tupu iwapo umekitumia, na seli zenye asidi nyingine kwa kiasi kilekile, na hapa asidi oleiki ni chaguo la kawaida. Kundi la nne, lenye palmitiki na oleiki kwa pamoja, lina thamani ya pekee: mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba asidi zisizoshiba huziokoa seli dhidi ya sumu ya palmitiki kwa kuielekeza kwenye matone ya trigliseridi, ambako hukaa bila kudhuru. Kama kolajeni inarudi juu unapoongeza oleiki, utakuwa umejifunza kwamba tatizo ni palmitiki iliyokosa pa kuhifadhiwa, na si mafuta kwa jumla.

Sasa kuhusu kupingana. RNA mjumbe kupanda wakati protini inashuka ni jambo linalowezekana kabisa. Palmitiki nyingi huvuruga utando wa retikulamu ya endoplazimu, mahali ambapo protini za kutolewa nje hukunjwa, na seli hujibu kwa kuipachika fosfati protini ya eIF2α. Hatua hiyo hupunguza usomaji wa RNA mjumbe karibu zote, huku ikiruhusu chache za dharura, kama ile ya ATF4, zisomwe zaidi. Katika hali hiyo unaweza kuwa na RNA ya kolajeni tele isiyosomwa. Pima ATF4 na CHOP, protini nyingine ya hali hiyo ya dharura. Zikipanda, maelezo yako yatakuwa yamepata msingi.

Lakini kabla ya kufika huko, niambie kama kimiminika chako kilikuwa na vitamini C. Kolajeni haiwezi kujisokota kuwa kamba ya nyuzi tatu iliyo imara kwenye joto la mwili kabla prolini zake nyingi hazijaongezewa kikundi cha haidroksili, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huhitaji vitamini C ili kiendelee kufanya kazi. Faibroblasti isiyopewa vitamini hiyo hutengeneza minyororo ambayo haijisokoti vizuri, na mingi hukwama au huvunjwa ndani ya seli. Vitamini C ya kawaida huharibika haraka katika nyuzi 37, kwa hiyo watu wengi hutumia aina yake iliyopachikwa fosfati, ambayo hudumu zaidi. Isitoshe, kolajeni ni protini ya kutolewa nje: sehemu kubwa ya ile mpya huwa kwenye kimiminika, na huenda ulikimwaga. Pima kimiminika, pima tabaka la seli, jumlisha, kisha gawanya kwa kiasi cha DNA badala ya kutegemea aktini, protini ya kiunzi cha seli, ambayo yenyewe inaweza kubadilika pale seli zinapojikunja na kubanduka.

Swali: Makala moja inasema omega-3 huongeza kolajeni, nyingine inasema huizuia isipotee, ya tatu inasema hupunguza makovu. Tumwamini nani?

Jibu: Huenda zote tatu ni za kweli, kila moja mahali pake. Kiasi cha kolajeni kwenye tishu ni tofauti kati ya inayotengenezwa na inayovunjwa, na anayepima upande mmoja tu ni sawa na anayehesabu mapato ya nyumba bila kuangalia matumizi.

Upande wa utengenezaji, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulizipa faibroblasti za kano EPA au asidi arakidoniki, na seli zilizopewa EPA zilitengeneza kolajeni zaidi kuliko zilizopewa arakidoniki. Hilo linaendana na nilichoeleza kuhusu prostaglandini E2: ikipungua, breki ya kolajeni hulegea. Zingatia kwamba ulinganisho ulikuwa kati ya asidi mbili. Msomaji anayeona neno "zaidi" bila kuuliza "kuliko nini" atatoka na somo lisilo sahihi.

Upande wa uvunjaji, mwaka 2005 watafiti walimulika faibroblasti za ngozi ya binadamu kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo huzifanya zitoe kwa wingi kimeng'enya cha MMP-1, kinachokata kolajeni. Seli zilizotangulia kupewa EPA zilitoa MMP-1 kidogo zaidi, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye vimeng'enya vya ERK na JNK, ambavyo huamsha AP-1, protini inayoiamsha jeni ya kimeng'enya hicho. Hapa kolajeni mpya haikuongezeka kwa lazima. Iliyokuwepo ndiyo iliyokingwa.

Kuhusu makovu, mhusika mkuu ni TGF-beta, ishara inayozigeuza faibroblasti kuwa seli za kujikaza zinazomwaga kolajeni kupita kiasi. PPAR gama ikiamshwa hupingana na ishara hiyo, na asidi mafuta zisizoshiba ni miongoni mwa vinavyoweza kuiamsha, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko dawa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo faibroblasti iliyotulia na faibroblasti iliyochochewa na TGF-beta zinaweza kupewa asidi ileile, kwa kipimo kilekile, zikaenda pande mbili. Makala isiyotaja hali ya seli mwanzoni mwa jaribio, binafsi naiweka kando.

Swali: Mama yangu ana gegedu la goti lililochakaa. Nimeambiwa imethibitishwa kisayansi kwamba mafuta ya samaki huzuia jeni zinazokula gegedu. Je, nimnunulie ya kipimo kikubwa?

Jibu: Pole kwa maumivu ya mama. Uliyoambiwa yana chanzo cha kweli, ila yamevutwa mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Chanzo chenyewe ni kazi ya watafiti wa Cardiff nchini Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2000. Walichukua gegedu na seli za gegedu za ng'ombe, wakazipa asidi mafuta za aina mbalimbali, kisha wakazichochea kwa interlukini-1, mojawapo ya ishara za inflamesheni, yaani hali ya tishu kuvimba, kupata joto na kuuma. Zilizopewa omega-3 zilipoteza proteoglikani (protini zenye minyororo ya sukari) kidogo zaidi, vimeng'enya vya kuvunja agrekani, proteoglikani kuu ya gegedu, vilipungua nguvu, na RNA mjumbe za TNF-alfa na interlukini-1 alfa, ambazo pia ni ishara za inflamesheni, pamoja na ya siklooksijenasi-2, zilishuka. Siklooksijenasi-1, ambayo seli huitengeneza wakati wote, haikuguswa. Asidi za makundi mengine hazikuleta matokeo hayo. Mimi huvutiwa zaidi na hilo la siklooksijenasi-1, kwa sababu linaonyesha kwamba seli hazikudhoofika tu kwa jumla. Jeni fulani zilichaguliwa na nyingine zikaachwa. Baadaye kundi hilohilo lilifanya kazi kama hiyo kwa gegedu la binadamu lenye ugonjwa.

Hata hivyo, gegedu lililo kwenye sahani huoga moja kwa moja katika asidi uliyomimina. Gegedu la goti halina mishipa ya damu, hivyo kinachomezwa lazima kipite kwenye utumbo, ini, damu na maji ya kiungo kabla ya kulifikia. Australia ilifanya jaribio la miaka miwili kwa watu 202 wenye maumivu ya goti la namna hii, na matokeo yake yakatoka mwaka 2016: wengine walipata gramu 4.5 za omega-3 kwa siku, wengine 0.45 tu. Baada ya miaka miwili, waliopata kipimo kidogo ndio waliokuwa na nafuu zaidi ya maumivu, na kasi ya kupungua kwa gegedu haikutofautiana kati ya makundi hayo. Hapakuwa na kundi lisilopewa omega-3 kabisa, kwa hiyo nafuu hiyo haitoshi kuyathibitisha hata mafuta ya kipimo kidogo.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa kipimo kikubwa. Kama mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana tatizo la mapigo ya moyo, hata kipimo cha kawaida azungumze kwanza na daktari wake. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito pale ulipozidi vina ushahidi ulio imara zaidi kwa goti la namna hiyo.

Swali: Kwa kifupi tu: je, ni kweli mafuta yanaweza kuigeuza faibroblasti kuwa seli ya mafuta?

Jibu: Mafuta peke yake, kwa kawaida hapana, yanahitaji kipokezi cha kuyasoma. Howard Green na wenzake walionyesha katikati ya miaka ya 1970 kwamba baadhi ya seli za ukoo wa 3T3, zilizotokana na faibroblasti za kijusi cha panya, hujaza matone ya mafuta zikiachwa zitulie kwenye sahani. Mwaka 1994 Peter Tontonoz, Erding Hu na Bruce Spiegelman walikwenda mbali zaidi: waliingiza jeni ya PPAR gama 2 ndani ya faibroblasti ambazo hazikuwa na mwelekeo huo, na zilipopewa dutu za kukiamsha kipokezi hicho, ziligeuka kuwa seli za mafuta, pamoja na protini zake.

Jambo hilo lina upande wake wa hospitalini. Katika uboho, seli za awali zilezile zinaweza kuwa seli za kujenga mfupa au seli za mafuta, na PPAR gama huzivuta upande wa mafuta. Panya waliozaliwa na nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya mbili walionekana kuwa na mfupa mwingi zaidi. Dawa za kisukari za jamii ya rosiglitazoni, ambazo hukiamsha kipokezi hicho kwa nguvu kuliko asidi mafuta yoyote, zimehusishwa na ongezeko la mifupa kuvunjika, hasa kwa wanawake.